Betri Iliyoruka Kwenye Pangaboi

Mkwe wa Fundi Saa alikuwa mtu mzima mwenye kazi yake ya kupima viwanja, lakini ikija habari ya helikopta yake ya kuchezea, akili zote zilimhama. Jumamosi hiyo alipanda ngazi za karakana ameikumbatia kama mtu aliyebeba kuku wa kutaga, na binti yake mdogo akimfuata nyuma.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kunisalimu au umeniletea mgonjwa?"

"Mgonjwa, baba. Nataka mapanga ya pangaboi lake yawake taa, yakizunguka yachore duara la mwanga. Shida ni umeme. Betri iko tumboni, mapanga yako juu yanazunguka. Nikivuta waya kutoka chini, utajisokota ukatike kabla haijanyanyuka."

Fundi Saa, aliyekuwa amefungua saa za watu miaka arobaini, akacheka. "Basi usivute waya. Kila panga lijibebee betri yake."

Akatoa drooni betri mbili bapa, za duara kama vifungo vya koti. Akazipima kwenye mizani yake ndogo ili panga moja lisilizidi jingine, akabandika moja kwenye kila panga kwa gundi na utepe, na akapitisha waya mwembamba hadi kwenye vitaa vya nchani. Utepe mmoja ulinyanyuka ukingoni. Aliuona. Akaukandamiza kwa dole gumba, akajisemea moyoni, utashika.

Mjukuu wake, yule binti aliyepanda ngazi na baba yake, alikuwa kwenye zulia. Alikuwa na miaka miwili na nusu, wakamwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Mama yake alikuwa zamu kwenye tanuri la mikate. Babu alimwita "mke wangu", na asubuhi hiyo mke alikuwa ameshampa talaka mara mbili kwa kosa la kumnyima bisibisi.

Wakavuta pazia chumba kiwe giza. Mkwe akaifunga helikopta miguu kwa kamba mezani isije ikaruka, akamweka mtoto nyuma ya babu yake, akawasha. Mapanga yakavuma. Duara la kijani likatokea hewani, zuri, na Chiriku akapiga makofi.

Tak!

Nusu ya duara ikazimika. Helikopta ikatetemeka kama mwenye homa, na kitu kikagonga kabati. Mkwe akazima haraka.

"Kuna aliyeumia?" mzee akauliza.

"Hakuna."

Wakacheka, kile kicheko cha watu walioponea chupuchupu. Pazia lilipofunguliwa, panga moja lilikuwa na betri yake, la pili lilikuwa na utepe tu unaning'inia. Wakaanza kutafuta. Chini ya meza, nyuma ya kabati, ndani ya makopo ya skrubu. Mkwe akapanda kiti kupekua juu.

"Itaonekana tu," alisema. "Haina miguu."

Fundi Saa akasimama ghafla. Chumba kilikuwa kimya. Akageuka polepole, kama mtu asiyetaka kuona anachokwenda kuona. Chiriku alikuwa ameketi pembeni ya kabati, mate yakimchuruzika kidevuni hadi kwenye gauni.

"Mke wangu, una nini?"

Mtoto akajishika koo.

"Kameza," alisema Fundi Saa.

"Hapana, baba, labda ni meno..."

"Kameza, nakwambia! Betri hizi nauza mwenyewe, najua onyo lake limeandikwaje!"

Mkwe akamkimbilia mwanawe, tayari kumtia kidole kooni. Mzee akamdaka mkono. "Usimtapishe! Washa gari!"

Njiani alimpakata kifuani. Kila mtoto alipokohoa, roho ya mzee ilipanda hadi puani. "Kazana," alimwambia mkwe wake. "Kazana, mwanangu."

Hospitalini wakaambiwa wakae foleni. Mzee huyu ambaye hakuwahi kupaza sauti hata kwa mdeni, akapiga ukelele: "Betri! Mtoto kameza betri!" Milango ikafunguka.

Kwenye picha ya kifua lilionekana duara jeupe, safi, chini kidogo ya shingo.

"Imekwama," alisema daktari. "Ina muda gani?"

"Dakika kumi hivi," mkwe akajibu.

"Mwambie ukweli," alisema Fundi Saa. "Arobaini na tano. Robo saa nzima tulikuwa tunapekua makabati."

Wakamchukua mtoto. Fundi Saa akabaki ukumbini akiutazama mlango. Wahenga walisema majuto ni mjukuu; yake alikuwa mjukuu kwelikweli, amelazwa upande wa pili wa mlango ule, na hakuna aliyetoka kumwambia kama anapumua.

Binti yake akaingia mbio, unga hadi viwikoni. "Mwanangu yuko wapi?"

"Kosa ni langu," alisema Fundi Saa. "Utepe ulianza kuachia nikauona. Nikaupuuza."

Binti akampita, akaenda kusimama mlangoni. Afadhali angemtukana.

Daktari alipotoka alibeba kisahani cha chuma. Betri ilikuwa humo, upande mmoja mweusi kama iliyotolewa jikoni. "Imetoka. Lakini imemchoma koo, na kidonda cha betri huendelea kuchoma hata ikishatolewa. Siwaambii bado kwamba amepona."

Siku tisa alilishwa kwa mrija. Siku tisa Fundi Saa hakufungua karakana. Alikaa kwenye benchi la ukumbini, na kila muuguzi aliyetoka na uso mzito alimkata maini. Siku ya kumi wakampima tena, wakampa maziwa kwa kijiko. Yakashuka. Akaomba mengine.

Binti alimwacha baba yake ambebe mtoto hadi garini. Lakini karakanani hakumwacha mtoto aende tena, na Fundi Saa hakumlaumu.