Sauti Moja Aliyoificha Kabemba

Kabemba alitengeneza malori ya mawe kule mgodi wa Mashamba kwa miaka ishirini na miwili, na kipimo chake kilikuwa spana. Aliiegemeza kati ya injini na sikio, akafumba macho, kisha akataja ugonjwa. Hakukosea, na kiburi kilimjaa kwa hilo.

Mwaka huu wakubwa walileta tableti na bango lililosema kila mfanyakazi ni mbunifu. Wakafunga vinasa sauti kwenye malori, wakamweka mzee na Injinia Jocelyne, binti mpole wa mtaa wa Manika, waifundishe mashine ya ndani ya tableti kusikia kwa masikio ya mzee. Kabemba alitaja, Jocelyne akaingiza. Wiki ya sita mzee akang'amua kwamba anachimba kaburi lake mwenyewe. Sauti moja akaificha: mkwaruzo mwembamba wa gurudumu la nyuma linalotaka kuchomoka. Ikiwashinda, alijisemea, watanirudia. Akili nyingi huondoa maarifa.

Walimpa cheti cha Bingwa wa Ubunifu, soda moja, na barua ya kumwachisha kazi.

Alhamisi alirudi getini kuchukua sanduku lake la spana. Lori la Sadiki, rafiki yake tangu ujana, likawa linatoka na shehena, na Kabemba akausikia ule mkwaruzo. Akalisimamisha. Akamwambia Sadiki gurudumu la nyuma ni bovu, asiende. Sadiki akatazama tableti: kijani kitupu, hakuna ubovu. Jocelyne akaitwa.

“Tata, njo weye ulifundisha mashine,” alisema kwa adabu, kama kwa baba yake. “Hii sauti, tuliipatia mashine?”

Kukiri kungekuwa neno moja tu. Lakini mafundi vijana walikuwa wamemzunguka, wale waliomwita bingwa, naye akaona aibu ya kuitwa mwongo. Akasema labda ni uzee, amesikia vibaya. Sadiki akacheka, akamgonga begani, akaondoka.

Gurudumu lilichomoka mteremkoni. Lori likapinduka, na Sadiki akakatwa mguu. Jocelyne alichukua mkwaruzo kwenye kinasa cha lori lile lile, akauingiza siku hiyo hiyo. Sasa mashine inajua yote.

Kabemba alikwenda hospitali na machungwa. Sadiki hakuyatazama.

“Ndugu yangu, sema kweli. Ulisikia?”

“Nilisikia.”

Sadiki akageukia ukuta, akamwomba mkewe Bilkisi amtoe mgeni.