Mechi Iliyokatazwa Watu

Mjini Wahrani, pwani ya Algeria, mtu asiyekujua anakuamkia, anayekujua anakutania, na anayekupenda kabisa anakutukana mbele za watu. Kwa kipimo hicho Zubir Benkada alipendwa kuliko mtu yeyote mjini, maana alikuwa kipa wa timu ya Fajri, na nyuma ya goli lake alikaa Ami Laidi.

Ami Laidi alikuwa muuza karantita. Asubuhi alisukuma mkokoteni wake wenye trei za unga wa dengu uliookwa mpaka mlangoni pa shule ya wasichana, akaita wateja mpaka madirisha yakatikisika. Siku ya mechi alikuwa jukwaani, nyuma ya goli, mfuko wa mbegu za alizeti mapajani. Kipindi cha pili timu zikibadilishana magoli, naye alihama na mbegu zake. Uwanja wa Fajri ni wa kizamani, uzio na goli vimebanana, kipa anasikia hata mtu akipiga chafya. Sasa hebu fikiria koo la sokoni limeelekezwa kwenye kisogo chako, msimu nenda msimu rudi.

"Zubir, wewe si kipa, wewe mlango wa hammamu. Kila mwenye taulo lake anapita."

"Ami Laidi, rudi kwenye karantita yako. Paka wa bandarini wanasema imewashinda."

"Mkeo akikutuma mkate unarudi na mfuko mtupu, umeuangusha njiani."

"Na wewe mkeo anakutuma uwanjani ili apumzike masikio."

Jukwaa zima lilikuwa hoi kwa kicheko. Watu walilipa kiingilio kwa ajili ya wale wawili, msinidanganye ati walikuja kuangalia soka, maana soka lenyewe la Fajri mlilijua. Zubir alikuwa akirudi nyumbani anamsimulia mkewe matusi mapya, wanacheka mpaka chai inapoa.

Lakini utani una mpaka wake, na mpaka wa Zubir ulikuwa mdogo wake, Miludi. Zamani, kabla Fajri haijamjua, ndugu hao wawili walichoma, kama tusemavyo huku: walipanda boti ya magendo kwenda Uhispania bila karatasi. Boti ikapinduka. Zubir aliokotwa, Miludi hakuonekana tena. Mama yao aliambiwa kwamba wimbi lilimnyakua. Haikuwa hivyo. Miludi hakujua kuogelea, alimshika kaka yake kwa nguvu zote, wakawa wanazama wote wawili, na Zubir akafungua vidole. Hapakuwa na mtu mwingine karibu. Jambo hilo alilijua yeye na Mola wake, na alilibeba kila siku aliyoamka.

Basi siku moja, karibu na mwisho wa msimu, krosi nyepesi ikamponyoka Zubir mikononi, ikawa goli. Nyuma yake Ami Laidi akapaza sauti: "Na huo nao umeuachia? Wewe unaachia kila kitu. Hata mdogo wako ulimwachia."

Kicheko kilianza, kikakatika katikati. Zubir aligeuka. Akamwona mzee amejifunika mdomo kwa kiganja, macho yamemtoka, kama mtu aliyesikia neno hilo kwa mara ya kwanza yeye mwenyewe. Mashabiki walimvaa mzee. Wengine wakamtetea, viti vikaruka, fataki za moto zikatupwa mpaka katikati ya uwanja. Shirikisho la soka likatoa adhabu yake ya kawaida: mechi ya mwisho ya Fajri ichezwe nyumbani bila watu, milango imefungwa. Kabla ya siku hiyo kufika, Ami Laidi alianguka akisukuma mkokoteni kwenye mwinuko wa shule, na hakuinuka.

Zubir alikwenda kuzika. Huwezi kuacha kumzika jirani wa kisogo chako. Kabla ya sala, shemeji wa marehemu alisimama mbele ya jeneza akasema kama inavyosemwa: yeyote aliyekosewa na marehemu kwa mkono au kwa ulimi, amwachilie, aende mwepesi. Watu wakaitikia kwa pamoja, "Tumemsamehe, Mungu amsamehe." Zubir alinyamaza. Aliyesimama kushoto kwake alimtazama midomo, na kabla ya jua kuzama mji mzima ulishajua.

Kesho yake Bi Kheira, mjane, alimfuata nyumbani. Hakukubali hata kuketi.

"Mwanangu, mume wangu hajatulia. Nasikia anakohoa uani, na mfuko wake wa mbegu nilioutundika ukutani unapungua. Mdomo wake ulikuwa mchafu, hilo sikatai, nimeishi nao. Lakini siku ile alirudi analia. Aliniambia neno lile halikuwa lake. Alipewa na kijana aliyekaa naye ubavuni, akalitamka kabla hajalitafuna."

"Kijana gani, mama?"

"Hakumjua. Alisema alikuwa amelowa, na siku ile hapakuwa na mvua."

Nywele za shingo zilimsimama Zubir, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko hofu. "Mama, mimi na wewe hatuna ugomvi. Lakini neno lile simwachilii. Na aende nalo."

Bi Kheira aligeukia mlango. "Haya," akasema. "Basi atakuja kukuomba mwenyewe."

Siku ya mechi ikafika. Fajri ilihitaji sare tu ili isishuke daraja. Ikifungwa, imekwisha, na klabu ya namna ile ikishuka haipandi. Milango ilifungwa kwa minyororo. Ndani walibaki wachezaji, waamuzi, viongozi wachache na askari. Hujawahi kusikia uwanja mtupu unavyosikika? Mpira ukipigwa unalia kama mlango unaobamizwa, na kila mlio unakwenda jukwaani unarudi ukiwa umechelewa. Zubir alisimama golini, mgongo wake mtupu. Kwa mara ya kwanza alitamani makelele.

Jasho halijaanza kutoka vizuri, akasikia nyuma yake: "Mlango wa hammamu."

Alikaza macho mbele. Akajiambia ni kichwa chake mwenyewe, usingizi mchache.

"Mkeo amekutuma mkate, Zubir. Uko wapi mkate?"

Fethi, beki wa kati na nahodha, aligeuka. "Nani huyo?" akauliza. Jukwaani hapakuwa na mtu. Zubir alitikisa kichwa, akarudi kwenye mstari wa goli.

Sauti haikunyamaza. Ilimzomea akidaka, ikamzomea akikosa, ikamtania mshambuliaji wa wageni kwamba ana miguu ya meza ya kukodi, mpaka mgeni huyo akapiga nje mpira wa wazi. Wakati wa mapumziko mwamuzi alimwita kamisaa wa mchezo na mwenyekiti wa Fajri, akawaambia hawezi kuvumilia: mechi hii imekatazwa watu, na jukwaani kuna mtu.

Mwenyekiti aliapa kwa kaburi la baba yake na la babu yake. Askari walitumwa wakapekua ngazi kwa ngazi, vyooni, chini ya zege. Aliyerudi alikuwa ameshika kofia mkononi.

"Mtu hayupo," akasema. "Kuna maganda ya mbegu tu."

"Ya siku nyingi?" kamisaa akauliza.

"Yana mate bado. Na yako mafungu mawili, afande. Kama watu wawili walioketi ubavu kwa ubavu. La pili limelowa lote, linanuka chumvi."

Kamisaa akasema sheria ni sheria: mtu asiyeruhusiwa akiendelea kuwepo, mchezo unavunjwa na wageni wanapewa ushindi. Mwenyekiti akakaa chini kwenye nyasi na suti yake.

Kipindi cha pili timu zikabadilishana magoli. Wachezaji wa Fajri walikuwa wanaomba moyoni sauti ile isihame nao. Zubir alipofika goli jipya tu, sauti ikamkuta pale pale: "Umehama nyumba, lakini mlango ni ule ule."

Safari hii mwamuzi alipuliza filimbi bila kungoja. Akamwonyesha Fethi saa yake. "Nawapa dakika chache. Mtoeni, au navunja."

Fethi alikwenda golini polepole. Alikuwa mtu mzima mwenye watoto, aliyekuwa kwenye mazishi, na alikuwa ameona midomo iliyofungwa.

"Zubir, huyo ni ami yako. Zungumza naye."

"Amekufa, Fethi. Ulibeba jeneza."

"Ndiyo maana nakutuma wewe. Angekuwa hai ningemtuma askari."

Zubir akaenda hadi kwenye uzio. Akaliangalia jukwaa, zege tupu na kivuli cha paa, akasema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo: "Ami Laidi, nimekusamehe."

"Hiyo? Karantita yangu ya jana ilikuwa na joto kuliko hiyo."

Fethi alitaka kucheka, akajishika mdomo, akasoma aya ya Kursi kimoyomoyo. Mwamuzi alikuwa anatazama saa.

Hapo hasira ya Zubir ikapasuka. "Unataka nini kwangu? Miaka yote nimekuacha unichezee utakavyo. Mama yangu umemtaja, ndoa yangu umeitaja, nikacheka. Palikuwa na mahali pamoja tu ambapo hukutakiwa kuingia, ukaingia na jukwaa zima." Akaona wazi kwamba mzee hakuwahi kumdanganya. Kilichomchoma si uongo. Angekuwa ametukana kwa uongo, yeye na mkewe wangekuwa wamecheka nyumbani mpaka chai ikapoa. Na mtu aliyejifunika mdomo siku ile alikuwa ameogopa kama alivyoogopa yeye.

Akaegemeza paji la uso kwenye waya wa uzio. "Neno halikuwa lako," akasema kwa sauti ya chini. "Ulilibebeshwa. Nimekuachilia, ami. Kwa moyo wangu wote. Nenda kapumzike, Bi Kheira naye alale."

Kisha ikaja sauti ile ile, lakini si ya sokoni, ya mzee aliyechoka tu: "Mungu akuhifadhi, mwanangu. Haya, mimi nakwenda. Mwenzangu amesema yeye anabaki. Huyu hakuja kwa ajili yangu."

Nyayo zikasikika zikipanda ngazi za zege, nzito, za mtu mwenye magoti mabovu. Kule juu lango la chuma likalia. Mlinzi wa lango anaapa hadi leo kwamba mnyororo haukufunguka.

"Ametoka?" mwamuzi akauliza.

"Ametoka," Fethi akajibu.

Mchezo ukaendelea. Wageni walishambulia kama nyuki, na Zubir alidaka kila kilichokuja: krosi, vichwa, shuti la karibu ambalo hata mwenyewe hakuliona. Nyuma yake hapakuwa na neno lolote. Alihisi tu kwamba anaangaliwa, na unyevu ukimpuliza kisogoni, wa baridi, wenye harufu ya bahari, alasiri ile ya jua kali. Hakugeuka. Filimbi ya mwisho ilipolia, ilikuwa sare bila mabao, na Fajri imebaki daraja lake.

Wenzake walikimbilia katikati, wakarukiana, mwenyekiti akiwabusu hata askari. Nje ya kuta honi za magari zilianza kuimba. Fethi alimkuta Zubir bado amesimama golini, sasa amegeukia jukwaa.

"Twende. Umetuokoa. Kila mtu anakutaka."

"Nenda tu, nakuja."

"Ameshaondoka, Zubir. Sote tumemsikia."

"Yeye ameondoka."

Fethi alitazama jukwaani asione kitu, akamtazama tena mwenzake, akarudi nyuma hatua kadhaa. Zubir alikuwa anaongea na mtu aliye karibu, kwa sauti ya ndani ya nyumba.

"Nilimwambia mama kwamba wimbi lilikunyakua. Si kweli. Mimi ndiye niliyefungua mkono. Ulikuwa unaniita jina nami nikafungua. Niliogopa, Miludi. Nilitaka kuishi, na nimeishi."

Akangoja. Alikuwa amezoea kungoja tusi, mgongo wake ulijua lilivyo kabla halijafika. Miaka yote ile makelele ya mzee yalikuwa yamejaa kisogoni pake hata hakusikia kwamba kuna mwingine amenyamaza pale pembeni. Sasa aliyekuwa akipiga kelele amekwenda zake, na huyu aliyebaki hakusema kitu.

"Sema chochote," Zubir akasema. "Niite utakavyo."

Maji yalidondoka kutoka kwenye zege ya safu ya mbele, tone, na tone jingine, chini ya jua.

"Nitukane," akasema, na sasa alikuwa analia waziwazi, mbele ya nahodha wake na askari waliokuja kufunga. "Miludi, mdogo wangu, nakuomba, nitukane."

Walimsubiri mpaka honi zikaisha mitaani. Hakuna aliyemtukana.