Mama Mkwe Yuko Mlimani

Wakhisi alikuwa mtu wa dawa moja. Ukimwambia kichwa kinakuuma, atakwambia panda mlima upate hewa. Ukigombana na bosi wako, atakwambia twende Kakamega ukalale msituni usikie ndege. Si kwamba alikuwa mjinga. Ndiyo kazi iliyomlisha. Alikuwa na gari la magurudumu makubwa, na kila wikendi aliwabeba watu wa Kisumu waliochoshwa na joto na kelele, akawapeleka milimani, akawarudisha Jumapili wakicheka. Kwa hiyo mkewe Debra alipofungasha nguo na kurudi kwa mamake mtaani Kaloleni, hukohuko Kisumu, pamoja na binti yao Nasipwondi, unafikiri bwana huyu alitafuta wazee wamsuluhishie? Thubutu. Alikodi nyumba mlimani.

Kosa lake lilijulikana Kaloleni nzima. Babake Debra, Mzee Ooko, alipozikwa kwao Uyoma, karibu na Luanda Kotieno, Wakhisi hakufika. Siku hiyo alikuwa na walimu kumi waliopanga safari ya msituni tangu Januari, na aliona haya kuwavunjia. Akatuma pesa kwa simu, akatuma na maneno ya pole, akaona amemaliza. Wiki iliyofuata nyumba yake ilikuwa tupu.

Miezi mitatu ikapita Debra akimjibu "sawa" na "mtoto yuko poa", basi. Kisha Wakhisi akasikia kwamba Jumatatu Debra anasafiri kwenda kuanza kazi mpya Lodwar, na mtoto anaenda naye. Lodwar, jameni! Kutoka hapo hata kumwona mtoto ingekuwa safari ya kupangwa. Wakhisi alimwandikia ujumbe mrefu, akimwomba Jumamosi na Jumapili tu, wao wawili, kwenye nyumba tulivu ukingoni mwa milima ya Nandi. Amsikilize, halafu kama bado anataka kwenda, aende. Debra alikaa siku nzima ndipo akajibu kwamba atakuja.

Jumamosi Wakhisi alitangulia mapema. Alifagia, akatandika, akaleta samaki, ngege wa kukaanga wa kutosha watu sita. Saa nne hivi teksi ikafika kutoka Kondele. Debra akashuka mbele; mtoto alikuwa amemwacha mjini kwa dadake, Akinyi. Wakhisi alikuwa ameshaanza kutabasamu mlango wa nyuma ulipofunguka, kikatoka kiatu cha kanisani, kikafuata kitambaa cha kichwa, na hatimaye Mama Perez mwenyewe, mama mkwe wake, na mkoba kwapani. Wakhisi alijikuta nyuma ya kibanda cha jikoni kabla hajajua miguu yake imempeleka.

Wewe pengine ungesalimia ukabeba mizigo. Lakini Wakhisi ni Mbukusu wa Bungoma, na kwao mwanamume na mama mkwe wake hawapishani hata njiani. Mmoja huingia kichakani mpaka mwenzake apite. Mama Perez naye ni Mjaluo wa Uyoma, na mama wa huko halali chini ya paa moja na mkwewe, liwe la nyasi au la hoteli. Katika miaka minane ya ndoa, hawa wawili walikuwa wamejuana kwa mgongo tu. Na Debra aliyajua yote hayo.

Akiwa nyuma ya jikoni, Wakhisi alimpigia simu mkewe aliyekuwa hatua ishirini kutoka hapo, akamuuliza kwa kunong'ona hii ni nini sasa. Debra alimjibu taratibu kwamba mama hajatoka nyumbani tangu mazishi, na si yeye Wakhisi ndiye anayesema kila siku kwamba milimani kuna hewa? Alipomsihi airudishe teksi, mvua ikaanza. Mvua ya huko haina utani. Baada ya nusu saa dereva akapiga simu kusema amevuka kijito cha pale chini kwa neema ya Mungu, maji yamefunika barabara, na wasimtafute tena.

Basi wakafungiwa. Nyumba yenyewe ilikuwa na chumba kimoja na sebule, na mlango mmoja. Mama Perez alituma swali kupitia Debra: nyumba hii ni ya nani? Kama ameikodi Wakhisi, si ni paa lake? Wakabishana huko ndani mpaka wakakubaliana kwamba ni nyumba ya wageni tu, mwenyewe yuko Eldoret, na mama anaweza kulala mradi Wakhisi asitie mguu. Wakhisi akahamia garini.

Ingekuwa afadhali kama si choo. Choo kilikuwa nje, na njia yake ilipita ubavuni mwa gari. Kila mama alipobanwa, Debra alipiga simu na kusema neno moja, "Ondoka," na Wakhisi akakimbilia kwenye mikaratusi na mwavuli wake, akasimama akiipa nyumba mgongo mpaka apigiwe tena. Mara nne Jumamosi hiyo. Mama naye, kwa aibu ya kumsumbua mkwe, alikuwa akijibana mpaka anatokwa na jasho. Huku mtu hawezi kuingia, kule mtu hawezi kutoka, na mvua haikatiki.

Debra alimletea chakula chini ya mwavuli. Wakhisi akaanza hotuba aliyoiandaa wiki nzima, kwamba yeye hufanya kazi kwa ajili yao, kwamba wale walimu walikuwa wamelipa, kwamba marehemu mwenyewe angeelewa. Debra alisikiliza mikono kifuani, akaichukua sahani na kurudi ndani. Wakhisi alibaki akiukodolea macho usukani. Aliogopa. Siku moja ilikuwa imeisha na hakuwa amepata hata tabasamu.

Asubuhi ya Jumapili mvua ilikatika. Wakhisi alikuwa jikoni akichemsha maji, na jikoni hilo la mabati liliegemea ukuta wa nyumba, chini ya kidirisha kidogo. Akasikia kiti kikivutwa upande wa pili.

"Wewe uliye jikoni," Mama Perez alisema. "Usitoke. Na usinijibu mpaka nimalize."

Wakhisi akazima jiko.

"Siku ya kumzika mzee nilisimamisha hema la wakwe. Nikaliweka upande wa barabara ili mkifika mwonekane. Mbuzi wenu nikamchinja kando. Watu wakawa wanapita wanauliza, hema hili tupu ni la nani? Nikawaambia ni la watu wa Bungoma, wanakuja, wako Maseno. Baadaye nikasema wamekaribia, wako Ndori. Mzee anateremshwa kaburini, mimi bado nasema mko njiani."

"Mama, nilituma..."

"Nimesema usinijibu. Debra alisimama barabarani tangu asubuhi akiangalia gari lako. Viatu vikamuumiza, akavivua, akaendelea kusimama. Wewe hata simu hukupiga kusema huji. Uliacha nidanganye watu mbele ya jeneza la mume wangu."

Wakhisi aliketi juu ya debe. Miezi mitatu alikuwa akidhani kosa lake ni kukosa kufika, kosa la mtu mwenye shughuli. Hakuna aliyekuwa amemwambia habari za hema. Machozi yalimtoka, na hakujaribu kuyafuta. Kisha akaomba aende Uyoma na watu wake, hata kama ni sasa, akalie pale panapostahili.

"Njoo," Mama Perez alisema. "Kilio hakifungwi. Lakini sikuja hapa kukuombea mke. Huyo ana akili zake."

Kufikia saa sita jua lilikuwa limewaka. Debra akasimama mlangoni pa jikoni, akasema basi la Lodwar linaondoka alfajiri na yeye bado hajafungasha vitu vya mtoto. Je, gari linaweza kuvuka? Hakuna teksi ambayo ingekubali, na mama hawezi kupanda gari moja na mkwe. Angeendesha yeye mwenyewe. Wakhisi ndiye aliyemfundisha, kwa gari hilohilo.

Wakhisi akateremka kutazama kijito. Maji yalikuwa yamepungua, hayakufika hata magotini. Alisimama pale muda mrefu. Hakuna mwingine aliyejua barabara zile kama yeye. Akisema mto bado, Debra angeamini. Basi lingeondoka, kazi ingeanza bila yeye, na wangekaa hapa siku nyingine, labda mbili. Neno moja tu, na lilikuwa tayari mdomoni.

Alipanda kilima polepole, viatu vikichuruzika maji.

"Maji yameshuka," alimwambia mkewe. "Shika upande wa kushoto, kuna mawe. Gia ya kwanza mpaka uvuke."

Akampa ufunguo. Debra aliushika.

"Gari nitaliacha kwa Akinyi," alisema. "Utashuka vipi?"

"Kwa miguu."

"Umechelewa sana, Baba Nasi."

"Najua."

Mama Perez alikuwa ameshafika mlangoni na mkoba wake. Wakhisi akaenda nyuma ya jikoni kama inavyotakiwa, akauelekeza uso ukutani. Alitamani kugeuka amwone Debra akiingia garini, aone amevaa nini, aone kama analia. Lakini wawili hao walikuwa wakitembea pamoja, na huwezi kumtazama mmoja bila kumwona mwingine. Hatua zilifika usawa wa jikoni, zikasimama.

"Nimelala vizuri hapa," sauti ya mama ilisema. "Mara ya kwanza tangu mzee aende."

Kisha milango ikafungwa, mmoja halafu mwingine. Gari likateremka taratibu. Wakhisi alilisikiliza likifika kijitoni, likaguruma kwa gia ya kwanza, likavuka, likapanda ng'ambo. Hakugeuka mpaka mlio ulipopotea kabisa.