Poda Kwenye Uso wa Mama

Kilemba kilionekana, hereni zilionekana, kola nyeupe ya gauni ilionekana. Katikati yake, pale ulipopaswa kuwa uso wa mama yangu, palikuwa na shimo jeusi. Nilikishika kioo kile cha picha kwa vidole vilivyokwisha kuchafuka kwa dawa, nikakasirika hadi masikio yakawaka moto.

Kilikuwa kioo cha tatu. Cha kwanza kilikauka kabla sijakitumbukiza kwenye maji ya fedha, maana joto la Oktoba hapa Lubumbashi halimhurumii anayeanza. Cha pili nilikiinamisha vibaya, kolodioni, ile dawa nzito inayoshika picha, ikanitiririkia hadi kwenye kiwiko. Lakini cha tatu sikukosea kitu. Nilifuata karatasi ya mwalimu neno kwa neno: mwaga kolodioni, tumbukiza, piga picha kioo kikiwa bado kibichi, lenzi wazi sekunde sita.

Mwalimu alikuwa Godefroid. Alirudi kutoka Ulaya na kamera ya mbao na chupa zake, akatufundisha siku tatu, sisi wapiga picha wa harusi, kwenye ua mmoja katikati ya mji. Mama alikuja siku ya mwisho. Picha zake zote zilikuwa zimekwenda na simu yangu iliyoibiwa sokoni, na kesho yake alikuwa anahamia Lukafu kwa kaka yake, kulima. Alitaka kuondoka na kitu kimoja tu: uso wake kwenye kioo. Na dawa ilikuwa imebaki ya kioo kimoja.

"Daniella, sura ya mama haishike mwangaza," Godefroid aliniambia, akininyooshea kopo la poda ya watoto. "Tia poudre kidogo. Chimie ya dawa haijue politique."

Kumbe sekunde zake sita zilipimwa kwa nyuso za Wazungu. Kulitibu hilo hakukuhitaji shule: ongeza sekunde, mwache mama kama alivyo. Mimi, mwenye miaka kumi na miwili ya kazi, nililiona na sikufungua mdomo. Nilimpaka kwa mkono wangu mwenyewe.

Mama alifumba macho. "Hii poudre banamwangiaka mutoto mwenye amepita examen d'État ya kumaliza masomo," alisema. "Miye nimepita nini?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe.

Kwenye maji ya mwisho uso ukajitokeza polepole, mweupe, laini, bila hata lile kovu la shavuni. Godefroid akapiga makofi. Mama akainama, akautazama kwa muda mrefu.

"Iko muzuri," alisema. "Huyu ni mama ya nani?"

Hapo hasira yote niliyoimeza ikanipanda. Picha ya kioo ambayo haijapakwa vanishi hufutika kwa kidole, nami nilijua. Niliweka gumba kwenye paji la uso, nikashuka nalo hadi kidevuni. Nikamgeukia mama nikingoja shukrani. Ndiyo, shukrani, sioni haya kukiri.

"Ile ilikuwa yangu," alisema. "Ku poudre haukuniuliza. Na sasa tena haukuniuliza."

Akajifuta uso kwa kitenge, akachukua mkoba wake. Asubuhi alipanda gari la Lukafu mikono mitupu.

Ni miaka mitatu sasa. Godefroid bado namchukia, na karatasi yake niliichana, lakini siku hizi hasira huanzia kwangu kabla ya kumfikia yeye. Nilinunua kamera ya mbao kama yake. Nimejipima mwenyewe, maana ngozi yetu ni moja: sekunde ishirini, na kovu la mama litaonekana. Kila nikienda Lukafu naibeba kwenye buti la gari, na kila mara narudi nayo bila kuitoa. Tunakula, tunazungumza habari za mahindi, kisha nampeleka kwa gari hadi shambani na kumrudisha.

Mwezi uliopita, njiani, aligeuza kichwa. "Ni nini inagongaka kule nyuma?"

"Ni jeki, mama," nikamjibu.