Sehemu ya Tatu ya Wimbo wa Fundi

Fundi alikuwa ameshona nguo za watu wa kila umbo kwa miaka thelathini na miwili, lakini Jumamosi ile asubuhi alikiweka kinanda juu ya meza ya kukatia vitambaa na kusema, "Haya, Mkwe, kaa hapo. Nina kitu nataka ukisikie."

Aliyeambiwa akae ni mama wa mume wa binti yake. Watu wote walimwita Mwalimu, kwa sababu alifundisha watoto wa chekechea kuimba kwa karibu miaka arobaini. Alikuwa amekuja kumwona mjukuu, na kama kawaida yake, akifungua kinywa kuimba, mtoto husinzia kabla ya ubeti wa pili. Fundi alikuwa akiyaona hayo wiki nenda wiki rudi, huku akitia uzi kwenye sindano na kutabasamu. Alikuwa mtu wa subira, lakini hata subira ina upindo wake.

Kinanda chenyewe kiliachwa na mteja aliyehama nyumba, kidogo tu, cha betri. Majina ya sauti yalimpita Fundi kama maji kwenye chujio, ila namba ndizo alizokuwa akila nazo na kulala nazo. Akachukua chaki yake ya kuchorea vitambaa, akaandika kwenye vibao vyote vya kubonyeza, kuanzia moja kushoto kabisa hadi arobaini na tisa kulia. Kila alipopata kipande cha wimbo kilichompendeza, aliandika namba zake kwenye daftari la vipimo lililokuwa kando ya cherehani. Leo kipande baada ya kola, kesho kipande baada ya mfuko, na ndani ya wiki tatu akawa na wimbo mzima, sehemu nne, wa kumlaza mjukuu.

Na haraka ilikuwepo. Jumatatu mume wa binti yake angekuja kuwachukua mke na mtoto, wakarudi kwao, safari ya kutwa. Fundi alitaka mtoto aondoke na wimbo mmoja, mmoja tu, wa bibi yake mzaa mama. Ukionekana haufai, alijiambia, kinanda kinarudi kwenye boksi, boksi juu ya kabati, na yeye anabaki na cherehani ambayo haijawahi kumwaibisha.

Binti yake alikwisha kuusikia.

"Mzuri, Mama," alisema.

"Wote?"

"Wote mzuri."

"Hata pale katikati?"

Binti akambadilisha mtoto bega. "Pale katikati panachangamsha."

Fundi hakuzaliwa jana. Akivishwa kilemba cha ukoka huwa anajua, tena anajua na ukubwa wake. Ndiyo sababu akamsubiri Mwalimu, mtu asiyejua kupaka maneno mafuta.

"Wimbo wa nani?" Mwalimu akauliza.

"Wangu."

"Wako wa kufundishwa, au wako wa kutunga?"

"Wa kutunga."

Mwalimu akaweka kikombe chini. "Tangu lini wewe—"

"Mkwe, sikiliza kwanza, maswali baadaye. Mimi si mtoto wa chekechea."

"Watoto wa chekechea hunyoosha mkono kabla ya kunikatiza," akasema Mwalimu, lakini akanyamaza.

Fundi akafungua daftari, akaanza. Sehemu ya kwanza ilikwenda polepole, vibao vya katikati, kama mtu anayetembea ndani ya nyumba bila viatu. Mtoto, aliyekuwa mapajani pa mama yake akitafuna ngumi, akaiachia ngumi. Sehemu ya pili, kope zikaanza kuwa nzito. Fundi akageuza ukurasa.

Sehemu ya tatu hiyo. Kidole kikatoka chini kushoto, kikarukia huku juu kulia kunakolia kama filimbi, kikashuka kidogo, kikapanda tena kupita kwanza, kikaanguka mpaka kule kunakonguruma, kisha kikarukia juu tena. Mtoto akafumbua macho yote mawili na kutupa mikono. Fundi akarudia mara ya pili, kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa. Hapo mtoto akalia, akalia kwa sauti iliyoonyesha kwamba mapafu yake hayana kasoro.

Kilio kilipopungua, Mwalimu akauliza, "Nikwambie ukweli, au nikwambie mzuri?"

"Mzuri nimeshaambiwa."

"Haya. Ya kwanza imetulia. Ya pili pia, ila una haraka, kama mtu anayewahi kufunga duka. Lakini ya tatu, Mkwe, ya tatu haina umbo. Inaanza nyembamba, mara inavimba. Inajifanya inapungua, wala haipungui. Inavimba tena, zaidi ya mwanzo. Halafu unairudia, kana kwamba mara moja haikututosha."

Maneno yalimwingia Fundi kama pini iliyosahauliwa ndani ya nguo. Sehemu ile ndiyo iliyomtoa jasho kuliko zote. Aliifanyia mazoezi hadi vidole vikauma, akidhani muziki ni kama koti, kazi yake ngumu iko katikati. Akanyoosha mkono kulivuta boksi lililokuwa chini ya meza.

"Unakwenda wapi na boksi? Nionyeshe ulivyoandika."

Mwalimu akavaa miwani, akalivuta daftari. Ukurasa ulikuwa na namba sita, na kona yake ilikuwa imekunjwa, ikaacha nje 2 peke yake. Akaikunjua. Sasa maandishi madogo ya penseli yakasomeka yote: *Mwalimu. Magauni 2.*

Fundi aliyaona maandishi yale, akaliacha boksi. Alikumbuka sasa: sehemu ya pili ilipomaliza ukurasa, ukurasa uliofuata tayari ulikuwa na vipimo vya mtu, akauruka akaendelea mbele, na baadaye akasahau.

"Kumi na saba," Mwalimu akasoma.

"Bega," Fundi akajibu kwa sauti ndogo.

"Arobaini na nne."

"Kifua."

"Thelathini na tisa."

Fundi akatazama dirishani.

"Hiyo ndiyo inayojifanya inapungua," binti akasema, halafu akajisikia mwenyewe. "Samahani, Mama. Imenitoka."

"Arobaini na saba sitaki kuambiwa," akasema Mwalimu. "Tisa?"

"Mkono. Ulitaka mfupi. Na arobaini na sita ni urefu wa gauni."

Kicheko cha Mwalimu kilianzia begani, kikapita kwenye namba zote sita, mpaka ikabidi avue miwani ajifute. "Kwa hiyo mimi ndiye ninayemliza mtoto."

"Mara mbili, Mkwe. Magauni yalikuwa mawili."

"Na nimejisema mwenyewe, mbele ya mke wa mwanangu." Akavaa miwani tena. "Kiuno ulikipima juu ya sweta, hilo tutalizungumza siku nyingine. Sasa nitoe humo. Unganisha ya pili na ya mwisho, na usikimbie."

Fundi alisita. Bila ile ya katikati wimbo ulibaki mfupi, na alizoea kuuona ukiwa mrefu. Lakini akapiga. Mara ya kwanza alijikwaa kwenye maungio. Mara ya pili akapita. Mara ya tatu akasikia sauti nyingine inamfuata kwa chini, akadhani ni kinanda, kumbe Mwalimu anaimba na mdomo umefungwa, wala hana habari kama anaimba. Mtoto alikuwa amelala, midomo wazi, ngumi imefunguka.

"Usiache ghafla," binti akanong'ona.

Mwalimu alikuwa amekwisha kugeuza karatasi ya kukatia kola, akachora mistari mitano kwa rula ya Fundi, akaanza kuuandika wimbo kwa nota za muziki ili usafiri Jumatatu. Kalamu ikasimama karibu na mwisho.

"Hapa unarudi chini wakati mtu anategemea utapanda. Nani kakufundisha?"

"Hakuna. Umekuja hivyo. Ni kosa?"

Mwalimu akauimba mwisho ule polepole, mara moja, kichwa ameinamisha.

"Hapa mtu asikurekebishe," akasema. "Hata mimi."

Fundi aliurudia mwisho ule taratibu, ingawa mtoto hakuwa na haja nao tena.