Kilango cha Shaba

Pampu ilizima, na kule korongoni kitu kikabamiza: paa! Mlio ukapanda na bomba hadi kilimani, ukatikisa jiwe, na mbwa wa nusu ya kijiji wakaanza kubweka. Vitomir, aliyekuwa amepiga magoti akisawazisha saruji chini ya beseni la mawe, alifumba macho kama mtu aliyekanyagwa kidole. Alikuwa ameishi na pampu tangu ndevu hazijaota, akizitunza ndani ya mgodi wa shaba mpaka alipostaafu. Leo bomba lake mwenyewe, alilomjengea mwanawe mwenyewe, lilikuwa linapiga makelele kama kazi ya mwanagenzi.

Lile jiwe lilikuwa la Novica. Novica alikwenda Vienna kufanya kazi ya ujenzi, kama walivyokwenda nusu ya vijana wa bonde la Timok, na huko akaanguka kutoka kwenye jukwaa la mafundi, akarudishwa ndani ya sanduku. Kwa watu wa bonde lile, kumzika mtu si mwisho wa kazi. Marehemu ana kiu. Maji yanayotolewa hapa kwa jina lake ndiyo anayokunywa huko aliko, na mwaka haufai kutimia kabla hajapata yake. Kwa hiyo mwenye uwezo hujenga chesma kando ya njia: jiwe lenye jina na sura ya marehemu, mdomo wa chuma usiokauka, na kikombe cha bati kwenye mnyororo. Mpita njia hunywa, hupangusa midomo, husema, "Mungu amsamehe." Basi, marehemu naye kanywa.

Wenye akili hujenga chesma penye chemchemi. Lakini Desanka, mke wa Vitomir, alitaka ya mwanawe isimame juu kilimani, kwenye mlango wa makaburi, ili mtoto asitembee mbali. Na juu kule hapana hata tone. Nani angembishia mama aliyefiwa? Vitomir hakuthubutu. Alichimba shimo korongoni kando ya chemchemi, akafunga pampu, akapandisha bomba la chuma nyuma ya jiko lake, akalipeleka hadi kwenye tangi lililofichwa nyuma ya jiwe. Tangi likijaa, boya linazima pampu, likipungua, linaiwasha.

Sasa maji ni kiumbe asiye na shukrani. Umeyasukuma mlima mzima, lakini ukiacha tu kuyasukuma yanataka kurudi yalikotoka. Ndiyo sababu mbele ya pampu huwekwa valvu ya njia moja, inayoyaruhusu kupanda na kuyakataza kushuka. Vitomir aliweka ile aliyozawadiwa na wenzake wa mgodini siku ya kuagana. Ilikuwa ya shaba tupu, nzito, na ndani yake kilango kinaning'inia kwenye bawaba. Aliiona kuwa ndiyo kitu bora alichokuwa nacho, na mwanawe hakustahili kingine.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo mtu wa mgodini pekee angelifanya. Mgodini pampu hazizimwi. Zizime uone wachimbaji wanavyoogelea. Kilango kikishafunguka kinakaa wazi, na kufunga kwake ni habari ya nadra. Hapa kilimani pampu ilizima na kuwaka kutwa. Maji yaligeuka upesi, kilango kizito kikachelewa, na kilipofunga kilikuwa kimebebeshwa uzito wa maji yote ya kilima.

"Shemeji!" aliita Gvozden, kaka yake Desanka, akisimamisha trekta lake kwenye kona. "Tumetangaza vita na Wabulgaria au vipi? Mbuzi wangu wamegoma kutoa maziwa!"

"Wewe mwenyewe ndiye mbuzi. Nenda zako."

"Fundi mzima wa mgodi, bomba linapiga mzinga! Ungeniambia, ningekuletea ile valvu ya springi kutoka mjini Zaječar. Kila mtu anaiweka siku hizi, hata wanawake wenye bustani za nyanya."

"Ilete basi, ufunge mdomo."

Gvozden akacheka, kisha akakumbuka yuko mbele ya jiwe la nani. Akavua kofia, akachota maji kwa kikombe, akamwaga kidogo ardhini, akanywa. "Mungu amsamehe mpwa wangu," alisema, na sauti yake haikuwa tena ya utani.

Jioni ile Vitomir alirudi nyumbani akiwa amekusudia kuing'oa valvu ile kabla ya wiki kwisha. Alimkuta Desanka amesimama katikati ya ua, mikono imejaa unga. Mwanamke huyu, tangu mazishi, alikuwa akiishi kwa kahawa na vipande vya mkate alivyovisahau mezani. Hakuwa amekanda unga tangu vuli.

"Umesikia?" alimuuliza mumewe.

"Nimesikia. Nitarekebisha."

"Urekebishe nini? Kama geti, Vitomir. Kama lile geti kabisa!"

Hakuhitaji kuambiwa geti gani. Pembeni mwa nyumba yao ndogo ilisimama nyumba ya Novica, ghorofa tatu za jasho la Vienna, ambazo hakuna aliyewahi kulala ndani yake zaidi ya wiki mbili za Agosti na siku chache za Pasaka. Mbele yake kulikuwa na geti la chuma. Novica alipofika, mikono imejaa mizigo, alilisukuma kwa kisigino bila kugeuka, nalo likabamiza, na mbwa wakaanza kubweka. Desanka alikuwa akipiga kelele kutoka jikoni, "Novica, geti! Utaliua!" Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake ya kwanza kwa mwanawe kila mara. Kumkumbatia kulifuata baadaye.

Tangu siku hiyo Desanka alianza kula. Bomba lilipita nyuma ya jiko, kwa hiyo kila pampu ilipozima ukuta ulitetema na vikombe vikagongana kabatini, naye akainua kichwa, akatabasamu kidogo, akaendelea kumenya viazi. Alipika maharagwe ya kuoka. Alifua mapazia. Siku moja Vitomir alimsikia akiimba kwa sauti ya chini, akakaa barazani bila kuvua viatu, asije akamkatiza.

Gvozden alileta valvu ya springi, nyepesi, imefungwa kwenye gazeti. Vitomir aliiweka kwenye kizingiti cha dirisha, na ikakaa pale. Kila alipoiangalia alijua wajibu wake. Kila pigo lile lilikuwa linalitafuna bomba kwenye maungio. Chuma huvumilia sana, kisha siku moja kinakataa. Aliyajua hayo kuliko alivyoijua Baba Yetu, na bado akawa anasema, wiki ijayo. Mke wake alikuwa amerudi mezani. Kwa hilo angeliacha bomba lijitafune mpaka mwisho, kama si kumbukumbu ya mwaka iliyokuwa inakaribia.

Wiki ya kumbukumbu, bomba likapasuka. Kiungio kimoja nyuma ya jiko kilifunguka kama ganda la njugu, maji yakaruka mpaka kwenye paa, na kule kilimani mdomo wa chesma ukatoa povu, ukakohoa, ukakauka. Vitomir alibadilisha kipande kile akiwa amelowa mpaka kwenye mifupa. Alipoingia jikoni kubadili shati, Desanka alikuwa ameketi mezani na gazeti la Gvozden limefunguliwa mbele yake, valvu mpya mkononi.

"Hii ndiyo inayotakiwa?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Imekaa hapa tangu lini?"

"Kitambo."

"Umeiacha kwa ajili yangu." Hakuwa anauliza. "Unadhani mimi nimerukwa na akili? Nimekufulia nguo za grisi maisha yangu yote, wewe mzee. Najua ni chuma chako kile. Najua hakuna mtu getini."

Vitomir alivuta kiti, akakaa. Maji yalikuwa yakimdondoka kwenye nywele.

"Nieleze," alisema Desanka. "Hii haitapiga?"

"Haitapiga. Hii ina springi ndani, ona, inasukuma kisahani hiki. Pampu ikizima maji yanapunguza mwendo, na yakikaribia kusimama, springi inafunga. Inafunga kabla hayajaanza kurudi. Ndiyo maana inanyamaza."

"Na ile yako?"

"Ile inangoja. Maji yanakuwa yameshageuka, yameshaanza kushuka, ndipo yanaubamiza mlango."

Desanka alikibonyeza kisahani kwa kidole gumba. Kiliingia, kikarudi, bila sauti yoyote.

"Kwa hiyo ile mbaya ilimwacha arudi kidogo," alisema.

Vitomir alitaka kumshika mkono, lakini wake ulikuwa na grisi, akauacha juu ya goti.

"Ukiacha ile ya zamani?"

"Litapasuka tena. Labda kesho. Labda Jumamosi, kasisi amesimama pale na watu wameshika vikombe."

"Naye atabaki na kiu."

"Atabaki na kiu."

Desanka aliifunga valvu ndani ya gazeti lake, taratibu, kama anavyofungasha mkate wa safari. Akaisukuma mezani mpaka ikamgusa Vitomir.

"Iweke," alisema. "Mtoto anywe."

Jumamosi ilikuwa nzuri, jambo lililomuudhi Vitomir, angependelea mvua. Walibeba ngano ya kuchemsha yenye sukari, mkate, samaki, na rakija, pombe kali ya plamu za miti aliyoipanda Novica mwenyewe akiwa kijana. Kasisi alisoma, mishumaa ikashikwa, divai ikamwagwa kaburini. Kisha watu wakashuka hadi kwenye chesma. Mdomo wa chuma ulitoa maji safi, ya baridi, bila kukohoa. Mmoja baada ya mwingine walikunywa, na mmoja baada ya mwingine wakasema Mungu amsamehe. Gvozden alikunywa mara mbili na kulia mara moja. Desanka alikunywa mwisho. Alilowesha vidole, akaupangusa uso wa mwanawe juu ya jiwe, palipoingia vumbi.

"Maji mazuri," alisema, na watu wakakubali kwamba ni mazuri.

Jioni, wageni walipokwisha kuondoka, walikaa jikoni wawili. Kulikuwa na maharagwe yaliyobaki. Vitomir alikuwa anakula huku akiitazama taa, maana taa ya jiko lao ilikuwa ikififia pampu inapofanya kazi na kung'aa inapozima. Desanka naye alikuwa anaitazama. Taa ikang'aa. Desanka akainua kichwa.

Hakuna kilicholia. Vikombe vilitulia kabatini. Kazi ilikuwa nzuri, safi kabisa, kazi ambayo fundi yeyote angeionea fahari, na Vitomir aliichukia kwa moyo wake wote.

Desanka aliweka kijiko chini. Hakulia. Alikisogeza tu kile chakula mbali kidogo, kama alivyokuwa akifanya majira yote ya baridi.

Vitomir aliinuka, akatoka nje. Alivuka ua, akaenda mpaka nyumba ya mwanawe, akalifungua geti la chuma ambalo bawaba zake zilikuwa zimeanza kushika kutu, akalisukuma likafunga. Mbwa mmoja alibweka, kwa uvivu. Akarudi jikoni, akakaa, akachukua kijiko chake, hakuthubutu kumtazama mke wake.

"Siyo hivyo," alisema Desanka.

"Siyo vipi?"

"Wewe umelisindikiza kwa mkono. Yeye hakuwa analishika." Akaikunja mikono yake kama aliyebeba mizigo. "Mikono yake ilikuwa imejaa, Vitomir. Alikuwa analipiga kisigino."

Vitomir alitoka tena. Barazani, juu ya gunia, ilikuwa imelala ile valvu ya shaba aliyoing'oa. Akaiokota, akaikumbatia kwa mikono miwili, nzito kama mtoto aliyelala. Akaenda nayo mpaka getini, akapita ndani, na bila kugeuka akalipiga geti kisigino kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

Paa! Mbwa wa nusu ya kijiji wakaanza kubweka. Na kutoka jikoni, dirisha likiwa wazi, Desanka akapiga kelele:

"Novica, geti! Utaliua!"

Vitomir alisimama pale na shaba yake mikononi, akilia, na hakurudi ndani mpaka mbwa waliponyamaza.