Machozi ya Wageni

Nguo ya kwanza aliyoitoa Violet kwenye gunia ilikuwa chupi ya kiume ambayo mwenyewe hakujisumbua hata kuifua. Aliiachia papo hapo, akafuta vidole kwenye sketi yake, kisha akajuta kuvifuta hapo. Chini yake kulikuwa na kiatu kimoja cha mguu wa kushoto, sidiria zilizogeuka rangi ya chai, na shuka lenye madoa ambayo hakutaka kuyafikiria. Gunia zima lilinuka jasho la watu na mavi ya panya.

"Hili ni la kuchoma," alisema.

"Weka kule kwenye za kugawa," alijibu Mama Evaresta bila kuinua macho. "Mkimbizi hachagui."

Wanawake waliokuwa wakichambua nguo pamoja naye kwenye ukumbi wa parokia wakaguna kukubali. Violet akaliburuta kule, maana alikuwa mgeni. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika sekondari moja mjini Arusha, mzaliwa wa Kibosho, na alikuwa amejiunga na kikundi chao muda si mrefu, baada ya padri kutangaza kwamba kinahitaji watu wa kujitolea. Kikundi kiliitwa Mkono wa Jirani. Kilisaidia familia chache za wakimbizi zilizoruhusiwa kutoka kambini Kigoma kuja kutibiwa. Mwenyekiti wake alikuwa Mzee Ludovick, mume wa Evaresta, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa sauti nene na sala ndefu.

Familia aliyokabidhiwa Violet ilikuwa ya Nabintu, Mkongomani kutoka milima ya Kivu, na binti yake wa miaka minane, Faida. Goti la Faida lilikuwa limeungua moto wa jikoni kambini, na kidonda kilipopona, kovu likauvuta mguu ukabaki umekunjika. Alikuwa amefanyiwa upasuaji, na sasa alikuwa akinyooshwa mguu kidogo kidogo. Walipanga chumba Olmotonyi kwa mama mmoja wa Kimaasai aitwaye Naserian, ambaye tangu siku ya kwanza aliwahesabu kuwa wa kwake. Kikombe cha maziwa cha Faida kilikuwa hakikosi asubuhi.

Violet alizoea kwenda huko Jumamosi. Alimsaidia Faida mazoezi ya mguu, akamfundisha maneno ya Kiingereza ya darasa la pili, kisha akakaa na Nabintu jikoni wakichambua mboga. Nabintu alikuwa mwanamke mchangamfu, mwenye Kiswahili cha kwao ambacho mwanzoni kilimchekesha Violet na baadaye kikamkaa masikioni.

"Mwalimu, nikuulize," alisema siku moja. "Hawa bazungu ba kikundi, mbona banalia mbio namna ile?"

"Wazungu gani?"

"Bale banakuyaka kututembelea. Mzee Ludovick ananiambia, simama useme aksanti. Mimi nasimama, nasema aksanti kwa chakula, aksanti kwa dawa ya mtoto. Yeye anageuza kwa Kiingereza. Basi banalia. Mmoja alinikumbatia mpaka akaniloanisha shingo." Nabintu alicheka, akatikisa kichwa. "Kwetu mtu akikuambia aksanti, unacheka."

Violet naye alicheka. Alidhani ni ugeni tu wa watu wa mbali.

Haikupita wiki mbili, Mzee Ludovick akamwita dukani. Alimkaribisha kiti katikati ya ndoo za rangi, akaagiza soda. Wageni wapya walikuwa wanakuja, wafadhili wakubwa, akaeleza, na wangeandaliwa chakula kwenye hoteli moja ya Usa River, ambako Nabintu angesimama kushukuru kama kawaida.

"Mara hii nataka wewe utafsiri, mwalimu. Kiingereza changu ni cha kuuzia mabati. Halafu haya mambo yakitoka kwa mwanamke mwenzake yanaingia zaidi."

"Hakuna shida. Atasema nini?"

"Atakachosema yeye si hoja. Wewe nitakupa maneno."

Akampa. Aliyasema akiwa ameegemea meza, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya saruji. Alieleza wanaume wangapi walimshika Nabintu kule msituni, na kwa siku ngapi. Alieleza mtoto wake wa kwanza alivyouawa mbele ya macho yake. Akamaliza kwa kusema kwamba Faida ndiye aliyezaliwa kutokana na unyama ule.

"Hapo ndipo wanapovunjika," alisema. "Na mara hii mtoto akae mapajani kwa mama yake. Wageni wameomba kumwona."

Violet aliiweka soda chini.

"Yeye mwenyewe anajua kwamba haya yanasemwa?"

"Ajue ili iweje? Aanze kulialia? Alimwambia mke wangu, basi. Mwalimu, zile dawa unadhani zinashuka kutoka mbinguni?"

"Na wanakikundi wengine? Kuna wanaojua Kiingereza."

"Wanajua. Na wanajua pia kwamba kikundi kinakula kwa huyo mama."

Alitamka neno hilo, kinakula, kisha akajipangusa midomo kwa kiganja. Violet aliutazama mdomo ule, mnene na unaong'aa mafuta ya sambusa, na kwa muda hakuweza kuutazama tena. Angeweza kukataa pale pale. Lakini aliona kwamba akikataa, Ludovick atashika kipaza sauti mwenyewe kama kawaida. Akasema atakwenda.

Siku ya karamu, alijaribu kumvuta Nabintu pembeni kabla ya mambo kuanza. Evaresta hakuwaachia nafasi. Alikuwa amemkumbatia Nabintu kiunoni, akimwonyesha maua, akimwita dada. Bustani ilikuwa nzuri, nyasi zimekatwa, Mlima Meru umefunguka wote. Mbuzi mzima alikuwa anazungushwa juu ya makaa na mafuta yake yakidondoka. Nabintu alivaa kitenge kilichopauka. Kile kipya alichokuwa amejishonea, Evaresta alimvua asubuhi, akisema wageni watadhani hana shida.

Wageni walikaa nusu duara, sahani mapajani. Faida akawekwa mapajani kwa mama yake, mguu wenye bandeji ukielekezwa mbele. Nabintu akapewa kipaza sauti. Alishukuru. Alimshukuru daktari, akamshukuru Naserian kwa maziwa, akaeleza jinsi Faida alivyotoka kutambaa mpaka kutembea kwa fimbo, na kwamba sasa alikuwa anawakimbiza ndama.

Violet akatafsiri. Alisema yale yale, daktari, maziwa, fimbo, ndama, bila kupunguza wala kuongeza. Wageni walitabasamu kwa adabu. Mmoja akaangalia simu.

"Mwalimu," alinong'ona Ludovick nyuma yake. "Ile."

Violet alitazama mbele kama hakusikia.

Mama mmoja mgeni, mwenye macho ambayo tayari yalikuwa yamelowa, akainua mkono uliokuwa bado umeshika ubavu wa mbuzi. Akauliza kwa Kiingereza, kwa upole kabisa, kama huyu ndiye yule mtoto.

"Anaitwa Faida," Violet alimjibu. "Yuko darasa la pili."

"Amesemaje?" aliuliza Nabintu.

"Ameuliza jina la mtoto."

Nabintu akamtabasamia yule mama. Yule mama akaweka kitambaa machoni. Ndipo Ludovick akanyanyuka, akachukua kipaza sauti mkononi mwa Nabintu kama mtu anayempokea mzigo, na kwa Kiingereza chake cha mabati akaanza. Msitu. Wanaume. Idadi yao. Mahali pa kuvunjika sauti alivunja sauti. Wageni waliacha kutazama simu. Walimtazama Nabintu, wakamtazama mtoto, wakarudi kwa Nabintu, na taya zao zilikuwa bado zinatafuna, polepole, kama wamesahau kuziambia ziache. Wanakikundi wa Arusha walioelewa walikuwa wameinamia sahani zao. Katikati ya hayo yote Nabintu alikaa amenyooka, anatabasamu, akidhani habari za ndama zinaendelea.

Faida akageuza uso.

"Mama," alisema, "anasema *father*. Hiyo ni baba. Anasema baba yangu?"

Violet hakukumbuka baadaye jinsi alivyofika kwenye spika. Alikumbuka tu waya mkononi mwake, na sauti ya Ludovick ilivyokatika ikabaki ndogo, ya mzee mmoja anayepiga kelele kwenye bustani. Akarudi, akambeba Faida.

"Mama Faida, simama twende."

Nabintu aliangalia uso wake mara moja tu. Akachukua fimbo ya mtoto, wakapita katikati ya meza mpaka barabara ya Moshi. Nyuma yao Evaresta alikuwa akiwaeleza wageni kwamba maumivu yamemzidi, maskini. Maneno hayo nayo yaliwaliza.

Nyumbani, Naserian alimchukua Faida wakaenda zizini. Nabintu akafunga mlango, akaketi kitandani.

"Sema," alisema. "Usiruke hata neno."

Violet alimwambia. Hakuna siku katika maisha yake alipouona ulimi wake mchafu kama siku ile, maana hata kuyarudia kwa huyu mwenye mambo ilikuwa kama kumwagia taka zile zile mara ya pili. Nabintu alisikiliza akikazia macho sakafuni. Hakuinua uso hadi Violet alipofika kwa mtoto aliyeuawa.

"Nani?"

"Mtoto wako wa kwanza."

"Mimi sina mtoto wa kwanza. Mimi nina Faida." Akatoa kicheko kifupi kikavu ambacho Violet hakuwahi kukisikia kwake. "Hata mtoto wa kufa, yule mzee akanizalia."

Akatoka nje, akachota maji. Aliporudi alinawa mikono na uso, akanawa tena, na shingo pia, mahali pale alipoloanishwa na machozi ya wageni.

"Nilimwambia Evaresta peke yake," alisema. "Nilikuwa na homa, nikaona nakufa. Nilitaka mtu ajue, ili nikifa amlee mtoto, na akisikia habari kwa watu asimchukie. Njo hivyo tu."

Siku ya tatu Evaresta akaja na sukari na mchele. Violet alikuwepo. Evaresta alikaa kwenye ncha ya kigoda, akalia, akasema hakumwambia mtu ila mume wake, na alimwambia ili wamwombee Nabintu kwa pamoja.

"Mliomba?" aliuliza Nabintu.

Evaresta alifungua mdomo. Violet, aliyekuwa amejiandaa kumchukia, aliona aibu ikimpanda yule mama kutoka shingoni mpaka masikioni. Aliondoka na sukari yake.

Violet alikwenda kwa padri. Padri alisikitika kweli, akamwita Ludovick, na Ludovick akaja na jibu lake tayari: kama kuna malalamiko, basi Nabintu mwenyewe asimame mbele ya kikundi aseme ni lipi la uongo na ni lipi la kweli. Alijua asingeweza. Kusimama kungekuwa kuyasema, na kuyasema kungemfikia Faida kabla ya saa yake. Mzee yule alikuwa amejificha nyuma ya aibu ya mwanamke na nyuma ya masikio ya mtoto, na humo alikaa salama. Padri akashauri yaishe kimyakimya. Ludovick akabaki mwenyekiti. Wageni, habari zikasema, walitoa vizuri kuliko wakati wowote.

"Niseme mimi," Violet alimwambia Nabintu. "Nitasimama kanisani."

"Hapana. Na wewe utakuwa unasema yangu." Alisema bila hasira. "Faida nitamwambia mwenyewe, akiwa mkubwa. Neno langu litakuwa la kwanza kwake. Wewe utupeleke hospitali tu, mwalimu, kama zamani."

Violet akafanya hivyo. Ukumbini hakurudi, mpaka alipopita siku moja ya kuchambua nguo na kuona, kupitia mlango uliokuwa wazi, bango jipya lililofunika ukuta mzima. Faida alikuwa amechapwa hapo, mkubwa kuliko mtu mzima, ameduwaa, mguu wenye bandeji mbele. Maneno ya Kiingereza chini ya picha yalimwita tunda la msitu.

Aliingia bila hodi. Akapanda juu ya benchi, akaanza kuvuta kamba.

"Hiyo ni mali ya kikundi," alisema Ludovick kutoka mezani kwake.

Violet akaendelea kuvuta. Fundo lilikuwa limekazwa sana, kucha zake zikakatika. Wanawake walikuwa wamesimama na nguo za watu mikononi, hakuna aliyesogea. Kisha Evaresta akaweka chini alichoshika, akatembea hadi kwenye benchi, akampa mkasi.

"Evaresta," alisema mume wake.

"Mwache akate," alisema Evaresta. Sauti ilikuwa ndogo, na hakumtazama. Violet akakata. Alishuka, akalikunja bango, akatoka.

Kule Olmotonyi Nabintu alilikunjua uani, akaomba kisu. Akaikata picha ya binti yake pande zote, taratibu, asiguse uso, akaitia motoni. Ilinuka vibaya, moshi mweusi wa plastiki, wakaziba pua wote. Kipande kilichobaki, chenye jina la kikundi, alimpa Naserian.

"Kaanikie mahindi," alisema.

Naserian alikigeuza juu chini, akakipima kwa mikono, akasema kinatosha.